“Ukimaliza kuchora, unampelekea nani?”

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma sanaa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Tanga. Nimechora tangu darasa la tatu. Daftari langu la sayansi lilikuwa na sura za walimu nyingi kuliko maelezo ya usanisinuru, na fimbo nilizokula kwa ajili hiyo nazikumbuka mpaka leo.

Muhula huu tumepewa kazi yenye maksi nyingi. Kila mwanafunzi achague wasanii watatu wa hapa nchini, awafuate, ajifunze kwao, kisha alete daftari la michoro la kurasa 60 linaloonyesha alichokipata. Zimebaki wiki sita. Nina kurasa 14, na nikisema ukweli, ninazozipenda ni mbili.

Nilianza na Tingatinga, ule mtindo wa wanyama wa rangi kali, kwa sababu ndio kila mtu anaujua. Nikatafuta picha kwenye simu, nikachora tembo, nikachora chui, nikachora wale ndege wa shingo ndefu, nikapaka rangi vizuri kabisa. Mwalimu akafungua ukurasa mmoja mmoja bila kusema kitu. Mwishoni akaandika kwa wino mwekundu: “Hizi ni kazi za nani?” Basi. Wenzangu wakacheka, na mimi nikajifanya nacheka.

Nikaona dawa ni kwenda mwenyewe kwa wasanii. Nikaenda kwenye soko moja la vinyago. Nilifika saa saba mchana, jua la utosi, nikasimama mbele ya banda la mzee mmoja aliyekuwa anachonga. Nikatoa daftari, nikaanza kuchora kinyago kilichokuwa mezani kwake, kile cha watu waliopandana mabegani. Shangazi, nakiri sikusalimia vizuri. Nilisema “habari za kazi” huku natafuta penseli kwenye mkoba. Kisha nikapiga na picha mbili za simu ili nikamalizie hosteli.

Mzee akaacha kuchonga. Akanitazama kwa muda, halafu akaniuliza kwa upole, “Mjukuu wangu, ukimaliza kuchora, unampelekea nani?” Nikamwambia nampelekea mwalimu. Akasema, “Na mwalimu anampelekea nani?” Sikuwa na jibu. Kijana wa banda la pili akadakia kwamba aliwahi kuja mwanafunzi kama mimi, akachora weee, baadaye wakaviona vinyago vyao kwenye fulana zinazouzwa, na wao hawakupata hata shilingi. Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Nikafunga daftari nikaondoka. Sijarudi.

Nyumbani nako si salama. Baba aliposikia kwamba kazi ya chuo ni kwenda kukaa na wachonga vinyago, alisema kwenye simu, “Yaani ada yote hii nakulipia ukasomeshwe na watu ambao hawakusoma?” Mama alicheka, lakini namjua mama yangu, kile hakikuwa kicheko cha furaha.

Sasa nikifungua daftari mkono unakuwa mzito. Nachora mstari, nafuta. Nachora tena, nafuta, mpaka karatasi inatoboka. Wenzangu wanachukua picha za mitandaoni, wanazigeuza kidogo, wanapewa maksi. Nimejaribu kuchora watu hadharani, nikashindwa. Pale kituoni mama mmoja anayeuza matunda aliniuliza kama nimetumwa na watu wa jiji, nikaona aibu nikapanda daladala isiyo yangu.

Naomba uniambie: msukumo mtu anaupata wapi? Na je, kumwiga msanii ni wizi? Kama si wizi, mbona najiona mwizi?

Mimi,
Mwenye Raba, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na daladala isiyo yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mstari niliouwekea alama si ule wa mwalimu, wala wa baba. Ni huu: “nikapiga na picha mbili za simu ili nikamalizie hosteli.” Hebu jiulize, ulikuwa unakwenda kumalizia nini? Kile kinyago kilikwisha kumalizwa. Kilipigwa msasa, kikang'arishwa, kikawekwa mezani na bei yake. Kitu ambacho hakijamalizwa kilikuwa hatua mbili tu kutoka pale uliposimama: gogo lililobanwa katikati ya nyayo za mzee, tezo inapanda na kushuka, vipande vinarukia mchangani. Hicho ndicho mwalimu alikutuma ukakione, na wewe ukakipa kisogo ukachora bidhaa.

Sikulaumu. Sote tunaanza hivyo, kwa sababu bidhaa haitikisiki. Mtu anatikisika.

Sasa tuje kwenye swali la mzee, maana naona umelichukua kama kufukuzwa. Mimi nalisikia tofauti. Mchongaji anakula kwa macho yake. Akibuni umbo jipya leo, wiki ijayo lipo kwenye meza ya jirani, mwezi ujao limejaa soko zima, na bei imeshuka nusu. Hata hicho ulichokichora, cha watu waliopandana, kina historia hiyo. Tunakiita ujamaa, awali kikiitwa dimoongo, na wanaojua habari za uchongaji wa Wamakonde wanakihusisha na mtu mmoja, Roberto Yakobo Sangwani. Vinyago vya mashetani navyo, vile vyenye jicho moja na mdomo uliokwenda upande, vinahusishwa na Samaki Likankoa, miaka ya 1950. Kila mtindo ulianzia kwenye kichwa cha mtu mwenye jina, ukaishia kuwa mali ya kila mwenye tezo. Ndiyo maana mzee anapomwona mtu mwenye daftari na simu, asiyesalimia sawasawa, anauliza kitu kinaelekea wapi. Ningekuwa yeye ningeuliza kwa ukali zaidi.

Na yule wa fulana, kama kweli alinakili kinyago cha mtu akakiuza bila ruhusa, ni mwizi, sina neno la kumpamba. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 hulinda kazi yenyewe ya msanii. Mtindo hailindi: hakuna anayeweza kukukataza kuchonga watu waliopandana. Lakini kuchukua kinyago cha mzee fulani, hivyo hivyo kilivyo, ukakifanyia biashara, hilo ni jambo jingine.

Wewe hukufanya biashara. Mbona basi unajiona mwizi? Nadhani ni kwa sababu ulichukua bila kukaa.

Juu ya kuiga, utakutana na watu wa aina mbili na wote watakuapia kwamba wao ndio wenye haki. Wa kwanza ni Elimo Njau, Mchagga aliyesoma Makerere akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965. Msemo wake umesafiri kuliko picha zake: usiige, kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Alipopewa kuta za kanisa huko Murang'a miaka ya 1950 achore maisha ya Yesu, aliyachora katika mazingira na sura za watu wa huku kwetu, wakati makanisa mengi yalikuwa yamejaa picha za Wazungu wenye ndevu za dhahabu. Huyo alikuwa na haki ya kusema.

Wa pili ni hao hao Tingatinga ulioanza nao. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge kwenu Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, akaanza kuchora karibu mwaka 1968. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mtu mwingine. Hesabu mwenyewe: miaka minne hivi. Mtindo unaojulikana dunia nzima kwa jina lake umejengwa juu ya miaka minne ya kazi ya mtu mmoja, na kama ndugu na jamaa aliowafundisha wasingemwiga, leo tungekuwa na picha chache ukutani kwa matajiri na hadithi ya kusikitisha. Waliiga, wakafundishana kwa kuiga, ushirika wao ukasajiliwa mwaka 1990, na hadi leo kijana akiingia kwenye karakana anaanza kwa kunakili picha ya mkubwa wake mpaka mkono unyooke.

Basi mimi nakwambia, nakili. Nakili bila aibu, kwa sababu mkono haujifunzi kwa kuambiwa. Ila unakili kutoka kwa mtu, usinakili kutoka kwenye kioo cha simu. Hapo ndipo tembo wako walipopotelea.

Nikueleze kwa nini. Wale wachoraji walianza kwa ubao wa hadibodi na rangi ya mafuta ile ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo ni nzito, inang'aa, haikauki upesi, na haisamehe. Ukiweka mstari mweusi juu ya njano iliyokauka, umeuweka. Ukisitasita katikati, msito wako utaonekana mpaka kiama. Kwa hiyo mchoraji anajaza brashi, anashika pumzi, anapiga doa la chui kwa mguso mmoja, la pili, la tatu, mia mbili, mkono unakwenda kama wa mtu anayepepeta mchele. Yale madoa yamekuwa vile kwa sababu ya ile rangi. Wewe ulichora kwa penseli, ukafuta, ukachora, ukajazia kwa penseli za rangi. Ulipata chui. Na chui ndiye jambo dogo kuliko yote katika picha ile.

Kwa hiyo nenda Oysterbay, pale Morogoro Stores, ukakae wanapochora. Omba ruhusa ya kuangalia. Usichore picha iliyoning'inia. Chora mkono na kopo. Chora jinsi brashi inavyofutwa kwenye mdomo wa kopo kabla haijagusa ubao. Ukitaka kunakili picha nzima, omba kwa mwenyewe, na chini yake andika: nimenakili kwa fulani, mahali fulani, tarehe fulani, kwa ruhusa yake. Halafu, na hapa usiniruke, ukurasa unaofuata uchore mnyama wako mwenyewe kwa macho yako. Chui hujawahi kumwona, usinidanganye. Kunguru je? Kunguru wa Dar wamejaa kwenye majalala yote, hawamwogopi mtu, watakukalia kama waliolipwa.

Tumrudie mzee, maana yeye ndiye nakutuma kwake kwanza.

Nenda asubuhi, saa mbili, kabla ya wateja na kabla ya jua. Shikamoo ya sawasawa, umesimama, mkoba umefungwa. Mwambie: “Babu, mimi ni yule niliyekuja na daftari. Nimekuja kuomba radhi, na kuomba kazi ya kupiga msasa.” Usiende na soda kana kwamba unakwenda kununua kibali. Msasa ni kazi ya wanaojifunza, haina hadhi, na kila banda lina vinyago vinavyosubiri kupigwa. Akikukataa, mshukuru uondoke, soko lina mabanda mengi. Sidhani atakukataa.

Siku hiyo daftari lisitoke kabisa. Piga msasa. Utajua kinyago kwa vidole kuliko ulivyowahi kukijua kwa macho: pale shingo inapoingia begani kuna bonde ambalo kwenye picha ya simu lilikuwa kivuli tu. Utajua pia uzito wa mpingo, mti unaozama majini kama jiwe, na utaona gogo likipasuliwa kwamba weusi hauanzi nje. Kuna ukanda mweupe-njano kwanza, kisha ghafla usiku. Pengine atakuonyesha na vile vinyago vya mti mwingine vilivyopakwa rangi ya viatu ili mgeni adhani ni mpingo. Ukifika hapo ujue umeshakuwa mtu wa nyumbani. Jioni, ukiwa hosteli, chora ulichokumbuka.

Siku ya pili omba ruhusa ya daftari. Na sasa nikupe siri moja ambayo ilinichukua miaka kuigundua, tena niliigundulia kwa fundi seremala mtaani kwetu, niliyekuwa nikimwomba kila dakika akae hivyo hivyo asitikisike, mpaka akaniuliza kama nataka meza au nataka sanamu. Mtu anayefanya kazi hurudia. Tezo inapanda, inashuka, gogo linageuzwa, vumbi linapulizwa, tezo inapanda. Huhitaji kumsimamisha. Anza michoro mitano kwenye ukurasa mmoja: mmoja mkono ukiwa juu, mmoja ukiwa chini, mmoja akigeuza gogo, mmoja akipuliza, mmoja akikutazama wewe. Mkono ukipanda, ongeza mistari miwili kwenye ule wa kwanza. Ukishuka, hamia wa pili. Usikimbizane naye, msubiri, atarudi. Baada ya nusu saa utakuwa na watu watano nusu-nusu, na kila mmoja atakuwa hai kuliko tembo wako wote.

Kisha mchore mguu. Namaanisha hivyo, ukurasa mzima, mguu. Wachongaji wengi huketi chini, gogo likashikwa kwa nyayo, na mguu wa mtu aliyefanya hivyo miaka 40 una habari zake. Kidole gumba kimekaza kwenda pembeni. Kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Kuna makovu madogo meupe kila tezo ilipokosea njia. Ukimaliza, chana ukurasa ule taratibu, andika tarehe na jina lako, umpe. Ila kabla ya kumpa, chora wa pili wa kwako. Aliuliza unampelekea nani. Basi mpelekee yeye.

Raba iache hosteli. Hili si pendekezo. Tumia kalamu ya wino ya kawaida, ile ya kuandikia. Mstari ukikosea, weka mwingine kando yake na uendelee. Mwalimu mzuri akiona mistari mitatu ya bega moja anajua ulikuwa unatafuta, na kutafuta ndiko kunakowekewa maksi katika daftari la michoro. Wala usisubiri daftari la bei. Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha, ila wino hutokeza upande wa pili, kwa hiyo chora upande mmoja. Kule Fort Jesus, Mombasa, askari wa Kireno waliokuwa zamu walichora kwenye ukuta wa ngome kwa rangi nyeusi ya mkaa na udongo mwekundu: meli, samaki, makanisa, watu. Ni miaka kama 400 sasa, na wageni wanalipa kiingilio kwenda kuona. Hawakuwa na karatasi.

Kuhusu mama wa matunda, alikuuliza swali la haki. Mtu akisimama karibu na genge akaandika-andika, nani mwingine atakuwa kama si wa ushuru? Dawa yake ni kukaa. Nunua embe, kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni yake, ule, mpige soga, halafu umwombe. Ukurasa ukijaa mwonyeshe, hata kama ni mbaya. Ataicheka pua yake, atamwita jirani aje naye achorwe, na kuanzia hapo tatizo lako litakuwa foleni. Kwa mama ntilie ni rahisi zaidi: ukishanunua wali maharage, kiti ni chako mpaka sahani iondolewe.

Msanii wa tatu hujaniambia, na naogopa utakwenda kutafuta mwingine anayeuzia watalii. Usifanye hivyo. Mtafute fundi wa mabango, yule anayechora mitindo ya nywele kwenye ukuta wa kinyozi na kuandika “Hapa hatukopeshi” dukani. Muombe akuonyeshe anavyonyoosha mistari: uzi umepakwa chaki, unavutwa kutoka kona hadi kona, unabetuliwa mara moja, tap, mstari umekaa ukutani umenyooka kuliko rula. Muulize mwalimu kwanza kama atamkubali. Akisema fundi wa mabango si msanii, niandikie tena, nitamjibu mimi.

Mwalimu mwenyewe namdai kidogo. Swali lake lilikuwa zuri, alivyoliuliza ndivyo sivyo. Wino mwekundu mbele ya darasa haumfundishi mtu, unamfundisha raba. Mfuate ofisini umwambie umeelewa alichotaka na una mpango gani. Na wale wenzako wanaogeuza picha za mitandaoni waache, wana wiki sita zao.

Baba usimbishie kwenye simu. Hofu yake ni ya ugali, na siwezi kukuandikia hapa kwamba sanaa italipa, kwa sababu wengi haijawalipa. Lakini kwa kuwa amezungumzia kusoma na kutosoma, siku akiwa na moyo mweupe mwambie habari za Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, mchoraji wa watu wanaolima na kubeba pombe ya ndizi kupeleka harusini. Picha yake hiyo ya pombe ilinunuliwa na jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York mwaka 1960, na Tanganyika ilipopata uhuru, yeye ndiye aliyepelekwa London kuwa balozi wetu. Baba atanyamaza kidogo hapo kwenye neno balozi. Kisha umwambie na habari za George Lilanga, aliyekuwa mlinzi wa usiku wa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, ambaye baadaye picha zake za mashetani zilitundikwa Ulaya, Marekani na Japani. Huyo hakuna chuo kilichompa cheti, na leo vyuo vinamsoma.

Ulizobakiza ni kurasa 46, na wiki sita ni siku 42. Ni ukurasa mmoja kwa siku na chenji kidogo. Siku utakayochora mbili au tatu, utakuwa umejiwekea nafasi ya kuugua hata mafua.

Na zile 14 usizichane. Zibaki mwanzoni, na wino mwekundu wa mwalimu ubaki ulipo. Chini ya kila tembo andika jina la aliyemchora wa kwanza. Wengi hutia sahihi kwenye kona ya chini, ila kwenye simu kona huwa imekatwa. Kama hulioni, chukua daftari hilo hilo uende nalo Oysterbay, uwaonyeshe, uwaulize huyu ni wa nani. Watabishana mbele yako, na wewe utakuwa na kalamu mkononi.

Shangazi